Mahindi Yaliyokwenda Matembezi Tumboni

Leo nimeaibika mbele ya akina mama ishirini na wawili na mabata matatu. (Mabata ndiyo yaliyonimaliza.)

Ninaandika kwa kidole kimoja, polepole. Msinikatize.

Mnamjua Mama Riziki, yule anayefundisha akina mama wa mtaa wetu kupika uji wa watoto. Anatafuta msaidizi. Nafasi hiyo niliitaka mpaka nikawa naiota. Juma lililopita alitufundisha kwamba tusiondoe pumba ya mahindi. Ukitaka unga mweupe, alisema, nguvu unawaachia mabata. Na unga laini kama poda unapita haraka, mtoto analia njaa kabla hujaosha sufuria. Halafu akanigeukia.

"Juma lijalo weye ndiye utafundisha. Nikuone."

Mimi! Mtu ambaye hata kusalimia kanisani nasalimia kwa nyusi.

Jana nikaenda kusagisha mahindi aliyotuletea mjomba kutoka Mutarule. Umeme hakuna. Mabeseni yamepanga foleni yenyewe, wenyewe wamekwenda zao. Msagaji amekaa juu ya gunia.

"Karibu, mama! Ngojea hapa na minye, tuzeeke pamoja!"

Nikabeba beseni langu nikakimbia. Njiani nikafikiri. Kama unga wenye pumba unashinda unga mweupe, na unga wa chenga unashinda unga laini, basi mahindi yasiyosagwa kabisa yanashinda yote! (Hiyo ni akili ya mtu anayemkimbia msagaji.)

Nikayachemsha mazima, nikatia sukari, nikampa Baraka, mtoto wa dada yangu, ana miaka minne. Alikula bakuli tatu. Baraka hatafuni. Hata nyama hatafuni. Anameza, halafu anakutazama.

Leo asubuhi nikaenda naye kwa Mama Riziki, yeye na po yake ya plastiki ya kujisaidia, maana dada hamruhusu kutoka bila po. Akina mama wamekaa kwenye mikeka uani, katikati ya mabata yake. Nikaanza. Bibi Ana, mzee wa mstari wa mbele, akapiga kelele:

"Sema kwa nguvu, mutoto! Minye nasikia mabata tu!"

Wakacheka. Nikafumba macho nikapaza sauti:

"Mahindi yasisagwe! Yaliwe mazima! Mtazameni Baraka. Jana amekula bakuli tatu, na nguvu yote iko ndani yake!"

Wakapiga makofi! Kwa ajili yangu! Mama Riziki akainua mkono kunizuia. Mara ya kwanza maishani mwangu nikakataa kuzuiwa. Nikaendelea.

Baraka akanivuta kitenge. "Mama mudogo, inakuja."

"Ngoja."

"Haingoji."

Nikamketisha kwenye po nyuma yangu, nikarudi kufundisha nguvu ya mahindi mazima. Nyuma yangu nikasikia tak, tak, tak. Kama mtu anayemimina punje katika beseni tupu. (Sitaeleza zaidi.)

Baraka akasimama, akaangalia, akafurahi. "Mama mudogo! Mahindi yako!"

Bibi Ana akavaa miwani. Akainama. Akainama zaidi.

"Eeh! Hata moja haikuguswa! Hii mahindi ilienda kutembea, sasa imerudi!"

"Musitupe," mwingine akasema. "Iko mbegu hii. Tupande."

Wote wakasimama, wakapita mmoja mmoja kuangalia, kama watu wanaoaga maiti. Baraka akawasalimia wote. Mimi nikajifunika kitenge usoni, lakini kwa tundu dogo nikayaona mabata yakija mbio. Nikarukia po niifiche. Badala yake nikaipiga teke, ikamwagika.

Mabata hayakuacha hata punje.

"Sasa tumejua nguvu iko kwa nani!" Bibi Ana akalia kwa kicheko, akashikwa asianguke.

Nikaokota po, nikamshika Baraka mkono, nikaelekea langoni. Kazi imekwisha kabla ya kuanza. Ndipo Mama Riziki akagonga sufuria kwa mwiko.

"Mucheke, lakini mukumbuke! Tumbo ya mutoto haina kinu. Ganda ya mahindi, kama meno haikuivunja na mashine haikuivunja, tumbo inaipitisha tu, na nguvu yake ndani. Pumba tunaiacha, ndiyo. Lakini tunasaga!"

Kisha Bibi Ana akatikisa kichwa.

"Myaka yote unatuambia, Mama Riziki. Leo tu ndiyo nimeelewa. Nimeona kwa macho."

Mama Riziki akaninyooshea mwiko. "Rudi hapa, weye. Kazi ni yako. Juma lijalo tunaenda mtaa wa pili, utafundisha vilevile."

"Vilevile namna gani, Mama?"

"Ulete Baraka. Na po."

Basi msinicheke. Nilitaka kuwa msaidizi, na nimekuwa. Wa Baraka.