Malkia na Mikia Yake

Jumatatu, 3 Juni
Siku kubwa. Nimepakua fonti mpya kwenye kompyuta ya duka. Inaitwa Malkia. Herufi zimejikunja, zina madaha, kama zimeandikwa kwa wino na mtu asiye na haraka. Nitachapa nayo kadi za harusi ya mdogo wangu. Ameniomba kitu kimoja tu: watu wafike. Mchora mabango wa ng'ambo ya barabara huandika herufi nene kama matofali. Akiona kadi zangu atafunga duka.

Jumanne, 4 Juni
Nimegundua siri! Mikia mirefu iko kwenye herufi kubwa. Sasa kwa nini niziweke mwanzoni mwa neno tu? Nimeandika kadi nzima kwa herufi kubwa. Mikia imeshikana na kupandana kila mahali. Machozi yalinilengalenga. Mama aliigeuza kadi juu chini, akauliza ukumbi ni upi. Nikamwambia avae miwani. Akasema ameivaa.

Jumatano, 5 Juni
Kadi mia mbili zimegawiwa. Nimempelekea na mchora mabango moja, aumie. Aliitazama sana, kisha akauliza kama ni ramani. Wivu mtupu.

Ijumaa, 7 Juni
Simu tangu asubuhi. Wote wamesikia ni kesho, wanauliza wapi na saa ngapi. Nawajibu kila kitu kimo kwenye kadi. Shangazi anasema alijua ni harusi kwa sababu ya ua la pembeni. Mchana mdogo wangu akaja. Hakufoka. Alikaa kwenye kiti cha wateja akalia, akasema ukumbi ukiwa mtupu hatanisamehe. Roho iliniuma sana. Karibu dakika kumi.

Jumamosi, 8 Juni
Wamekuja dukani kwangu! Kumbe kilichosomeka ni muhuri wa duka tu, nyuma ya kadi. Wageni wamependeza, zawadi mikononi, wamejaa barabara nzima wakidai harusi. Mchora mabango, bila kuombwa, akaniuliza ukumbi ulipo, akachora mshale na neno HARUSI kwenye ubao, akaubeba mbele. Tukamfuata tukiimba. Wapita njia nao wakaunga msafara. Ukumbi ulifurika hadi mjomba wa bwana harusi akakaa dirishani. Mdogo wangu alinikumbatia mbele ya watu, akasema bado hajanisamehe, huku anacheka. Sijawahi kufurahi vile.

Jumapili, 9 Juni
Nimetafakari kwa kina. Kadi ya kawaida ingewaleta mmoja mmoja. Malkia amewaleta kwa mkupuo, na wasioalikwa juu yake. Mchora mabango anadhani ni ule mshale wake. Nimemwacha ajifurahishe.

Fundi bomba amekuja na kazi ya haraka. Amechimba shimo refu katikati ya njia, anataka kibao cha kuwaonya watu, kisomeke kwa mbali. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Nimeshaanza: Malkia, herufi kubwa zote.