Watu Uchi Wamekalia Mwamba Wangu

Jumatatu, 6 Julai 2009

Mwamba wangu umetekwa! Ule wa kando ya ziwa, huku kwetu Farsta, ninapochomaga samaki kila kiangazi. Leo nimekuta wazee wa Kiswidi wamelala juu yake uchi. Uchi kabisa! Mmoja anakula ndizi. Na Jumapili wamama wa kanisa wanakuja palepale, sherehe ya ubatizo wa mjukuu wangu Précieuse, binti wa miaka kumi na minne. Nimeshajisifu kwa kila mtu! Mama Agripina, mwenzetu wa kanisa, akisikia, ataihamishia sherehe kwake Skärholmen, halafu anicheke mpaka Krismasi. Sikubali.

Jumanne, 7 Julai

Nimepiga simu polisi. Précieuse ametafsiri huku akitamani ardhi immeze. Polisi anasema hao wanaota jua tu. Mwenye kosa ni yule anayejifunua makusudi ili umwone ushtuke. Nikasema mimi nimeshtuka! Akauliza kama waliniita niwatazame. Hawakuniita. Hata shingo hawakugeuza! Hapo ndipo hasira imenipanda: mama mzima napita, hakuna hata mmoja wa kuona haya?

Sikusoma shule, lakini uchi naujua nikiuona.

Alhamisi, 9 Julai

Leo nimewaaibisha. Kitenge cha dhahabu, kilemba kirefu, viatu vya harusi. Nimepita mbele yao. Nikarudi. Nikasimama penye jua ili dhahabu iwake. Nikaimba wimbo wa toba, beti zote. Wakapiga makofi! Nikaimba mwingine.

Mkubwa wao, bibi mmoja anaitwa Alma, akanimiminia kahawa. Tumbo lina mikunjo kama langu. Maskini, upepo ule! Nikamfunika khanga yangu. Akashukuru, akaikunja, akaikalia.

Jumamosi, 11 Julai

Matusi! Alma kaniita pembeni, Précieuse anatafsiri. Ati sheria yao ni moja: haji mtu pale ili atazamwe. Mwaka jana walimfukuza mwanaume wa koti refu, kazi yake kusimama anasubiri macho ya watu. Sasa kuna mwingine wa namna hiyo, watu wamelalamika. Nikasema mfukuzeni, hana adabu huyo! Alma akakiangalia kilemba changu. Précieuse akacheka mpaka akakaa chini. "Koko, bibi yangu, ni wewe!"

Mimi! Niliyefunikwa utosini mpaka kisiginoni!

Halafu yule mtoto akawaomba watuachie mwamba kesho. Wakakubali palepale. Hivi hivi tu! Précieuse anasema hata Jumatatu ningeomba wangekubali. Niombe? Mwamba wangu mwenyewe?

Jumapili, 12 Julai

Sherehe imefana. Wenye uchi wamehamia ng'ambo ya ziwa, hawaonekani. Précieuse wangu kang'aa, nimelia. Mama Agripina kala samaki watatu bila kusema asante. Na kitenge changu? Hakuna aliyekitaja! Kila mmoja anahangaika na cha kwake. Vipofu!

Basi nimefunga samaki wawili, nimezunguka ng'ambo kumpelekea Alma. Shukrani tu. Njiani nimeongeza kilemba cha pili juu ya kile cha kwanza.

Wamepiga makofi. Kesho viatu vyekundu.