Nilivyomsafirisha Mama Uswidi kwa Mpango Kamili

Ndugu Klemensi wa Milepa na Ndugu Oskari wa Ilemba,

Leo nimevuliwa nguo hadharani. Koti nilikuwa nimelivaa, tena limefungwa hadi kifungo cha mwisho. Lakini nimevuliwa.

Nawaandikia wawili kwa pamoja, kwa karatasi ya kaboni, kwa sababu habari hii itawafikia tu, na afadhali iwafikie kutoka kwangu. (Dereva wa lori atakayewaletea barua hii naye alikuwepo. Tafadhali msimwulize chochote.)

Mnajua kwamba mdogo wangu Veronika, aliyekwenda Uswidi kusomea uuguzi akaolewa huko huko, amejifungua pacha. Akaandika kwamba anamtaka mama. Mama aende akamlelee watoto, akae mwaka mmoja, au zaidi akipenda. Tiketi ingetoka huko. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kumtoa mama Sumbawanga na kumpandisha ndege.

Nanyi mnanijua. Mimi ni karani wa stoo ya barabara. Sikusoma zaidi ya darasa la nne, na mengine yote nimejifundisha mwenyewe kwa taa ya chemli. Kazi nikipewa, naipangia daftari.

Daftari la safari ya mama lina kurasa thelathini na mbili. Pasipoti ilichukua kurasa tisa peke yake. Ofisini waliuliza mama amezaliwa lini. Nikajibu, "Mwaka wa nzige."

"Nzige gani? Walikuja mara mbili."

Nikarudi nyumbani kumwuliza mama. Akasema, "Wale waliokula ulezi wetu." (Wote walikula ulezi.) Tulikubaliana na yule ofisa mwaka wa katikati, wakati ambapo hapakuwa na nzige hata mmoja.

Ikaja kadi ya njano ya chanjo. Ikaja barua ya mtawa mmoja ambaye naye anakwenda Ulaya, atakayempokea mama Dar es Salaam na kuwa naye safari nzima. Ndipo nikaanza mazoezi. Nilipanga viti viwili uani, kimoja nyuma ya kingine, nikamfunga mama mkanda wangu wa suruali tumboni, nikasimama mbele yake na kumweleza namna ndege inavyoondoka. Majirani walikuja kutazama. Mimi sijawahi kupanda ndege, lakini nimesoma.

Mama alikaa kwenye kile kiti, mikono magotini. Akauliza, "Nitakaa huko muda gani, baba?"

Nikamwambia, "Hata miaka miwili, mama. Usiwe na haraka. Mimi nitapata utulivu, nisome vitabu vyangu."

Alinitazama. Kisha akafungua mkanda, akaingia jikoni.

Shikeni hapo, ndugu zangu. Hapo ndipo msiba ulipoanzia.

Kwa sababu nilikuwa nimemwongopea. Mke wangu Elizabeti alipofariki, mama alihama kwake akaja kukaa nami, na tangu siku hiyo hadi jana sijalala katika nyumba hii peke yangu. Watoto hatukujaliwa. Ninyi mlikuwa mkija kila Jumapili, mkahamia vijijini kujenga taifa. (Siwalaumu kwa hilo. Nalitaja tu kwa usahihi.) Nilipopiga hesabu ya mwaka mmoja wa kula peke yangu, nilishindwa kuendelea na daftari jioni ile. Lakini mama hajawahi kuwaona wajukuu wake, na kama ningemwambia ukweli asingekwenda. Ndiyo maana nikasema mambo ya vitabu.

Kisha nikafanya kosa. Juzi nilimwandikia Veronika barua ya siri, nikaikunja mara nne, nikaichomeka kwenye begi la mama, kati ya mfuko wa unga wa ulezi na blanketi za watoto. Bahasha sikuweka. Nilisema bahasha itaongeza uzito.

Sasa njooni uwanjani. Leo asubuhi, saa tatu na dakika kumi.

Ndege ilikuwa imekwisha tua kwenye majani, ile ndogo ya abiria watano. Mvua za mwezi huu mnazijua, barabara ya Tunduma imekuwa tope tupu, ndiyo maana ya ndege. Nilidhani tutakuwa mimi na mama na majirani wawili. Nikakuta darasa langu lote! Wale watu wazima ninaowafundisha kusoma na kuandika pale Majengo, wanawake kumi na tisa na wanaume wanne, wamekuja kumsindikiza mama wa mwalimu wao. Mbele yao alisimama Mama Zuhura, ambaye mumewe ana duka la vitambaa. Huyu ndiye mwanafunzi wangu bora. Ana umri wa kunizidi. Miezi minane iliyopita alikuwa anashika kalamu kama anashika mwiko, na leo hakuna kibao, kopo wala gazeti la kufungia sukari linalompita bila kulisoma.

"Mwalimu," akasema, "tumekuja. Mama hawezi kuondoka kimya kimya kama mtu aliyefukuzwa."

Darasa zima likainama, likampigia mama makofi ya heshima, yale ya taratibu ya kwetu Ufipa. Mama Zuhura si Mfipa, lakini alipiga vizuri kuliko wote. Mama akaitikia. Hadi hapo, ukurasa wa thelathini wa daftari ulikuwa unakwenda sawasawa.

Ndipo bwana wa mizani akaita begi.

Mzigo ulioruhusiwa ni kilo kumi na tano. Begi la mama nilikuwa nimelipima mwenyewe kwa mizani ya stoo: kumi na nne na nusu. Nikasimama kando, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kusifiwa.

"Ishirini," akasema bwana wa mizani.

"Haiwezekani. Mizani yako ina hitilafu."

"Mizani yangu imepima watu wazima wanne asubuhi hii, hakuna aliyelalamika. Fungua."

"Ndugu, kuna orodha. Imebandikwa ndani ya kifuniko. Vitu kumi na moja."

"Vizuri. Tusome orodha, tutoe vitu."

Tukaanza. Mimi nasoma, yeye anatoa. Kanga mbili. Sweta. Maharage. Blanketi za watoto. Kila nilichosoma kilikuwepo. Nilianza kujisikia vizuri tena. Mkono wake ukafika chini kabisa ya begi, ukakwama. Akavuta kwa mikono miwili. Akatoa jiwe.

Lile dogo la juu, ndugu zangu. La kusagia ulezi. Limekaa jikoni kwetu tangu sijazaliwa.

"Hili ni namba ngapi kwenye orodha?" akaniuliza.

Watu wakaangua kicheko. Nikamgeukia mama.

"Mama! Jiwe?"

"Ulezi utasagwa na nini huko?"

"Unga umeshasagwa, mama! Na Ulaya kuna mawe."

"Umeyaona?"

"Nimesoma."

"Basi," akasema mama, akawatazama watu kana kwamba kesi imekwisha.

Bwana wa mizani akanikabidhi jiwe. Kilo tano na nusu, hesabu ilitoka bila kasoro. Nililipokea kwa mikono miwili. Naomba mkumbuke hilo, kwamba nilikuwa na jiwe kwenye mikono miwili, kwa sababu mtajiuliza kwa nini sikufanya lolote katika dakika tano zilizofuata.

Karatasi ilikuwa imenaswa kwenye jiwe. Ikaanguka majanini. Imekunjwa mara nne.

Mama Zuhura akaiokota.

Sasa nieleze kanuni za darasa langu. Kanuni ya kwanza nilitunga mwenyewe: karatasi yoyote mtakayoikuta, msiibague, isomeni, tena kwa sauti. Kanuni ya pili: mwenzenu akikwama, msaidieni. Kanuni ya tatu: akimaliza ukurasa bila kosa, mpigieni makofi matatu. Nilizipenda sana kanuni hizi hadi leo saa tatu na nusu asubuhi.

"Kwa m-do-go wa-ngu Ve-ro-ni-ka," akaanza Mama Zuhura.

"Mama Zuhura, hiyo ni barua ya mtu!"

"Mwalimu, ulisema tusibague."

"Hiyo naibagua mimi!"

"Mwache asome!" akapaza sauti mzee mmoja wa darasa. "Ametoka mbali huyu!"

Nikapiga hatua kumfuata. Jiwe likanivuta mbele, nikayumba, rubani akanidaka bega. "Taratibu, mzee," akasema. (Nina miaka arobaini na sita.)

Na Mama Zuhura akasoma. Polepole. Silabi kwa silabi, kwa kidole, kama nilivyomfundisha. Hakuna mateso kama kusikia siri yako ikitoka kwa silabi, kwa sababu kila neno unaliona linakuja na huwezi kulizuia. Alisoma hivi:

"Nimemwambia mama akae hata miaka miwili. Ni u-o-ngo. Vitabu vyangu nimeshavimaliza vyote, vingine mara tatu. Nyumba hii bila yeye sitaiweza. Usimwambie. Mruhusu awabebe watoto mpaka achoke, mlishe vizuri, lakini miezi mitatu ikifika, m-si... m-si..."

"M-SI-NGI-ZI-E!" likadakia darasa zima. Kanuni ya pili.

"...msingizie baridi. Akikohoa hata mara moja, mrudishe. Kaka yako anayekupenda."

Akakunja karatasi. Hakukosea hata herufi moja.

Nikawaza, sasa wameelewa, watu wazima hawa, wana huruma, watatazama pembeni.

Pa! Pa! Pa!

Makofi matatu. Watu ishirini na wawili kwa pamoja, na bwana wa mizani akajiunga. Nimelia mbele za watu mara mbili tu katika maisha yangu. Mara ya kwanza ilikuwa makaburini na hakuna aliyenipigia makofi. Safari hii sikuweza hata kujifuta. Jiwe!

Mama alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye ngazi ya ndege. Akaushusha. Akaja hadi nilipo, akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake mpya ya safari, mbele ya wanafunzi wangu.

"Kumbe," akasema. "Wiki tatu nalia jikoni. Nilidhani umenichoka."

"Mama, mimi?"

"Unanifunga kwenye kiti, unaniambia nenda, kaa miaka miwili, usiwe na haraka. Ningedhani nini?"

Kurasa thelathini na mbili, ndugu zangu, na hilo sikuwa nimeliandika popote.

Rubani akatazama mawingu upande wa milimani, akatazama saa. "Mama, tunakwenda au hatuendi?"

Mama alinitazama mimi. "Sema, baba. Nisipande?"

Nawaambia ukweli, kwa kuwa leo siri zangu zote zimeshatoka: neno lilikuwa mdomoni. Ningesema tu "usipande", angegeuka, tungerudi nyumbani na jiwe letu, mchana tungekula pamoja. Tiketi ingeoza. Veronika angelia. Niliona yote hayo kwa muda ambao mtu anameza mate.

"Panda, mama," nikasema. "Wale ni wawili. Mimi ni mmoja."

Akaitikia kwa kichwa. Akapanda ngazi, akainama mlangoni, akageuka kwa watu wote.

"Basi miezi mitatu ikifika, nitakohoa!"

Walicheka hadi mafundi wa uwanja wakatoka kwenye kibanda kuuliza kuna nini. Kisha, kupitia kidirisha, mama akaanza kumpa Mama Zuhura maagizo kwa sauti ya kushinda injini: kwamba mimi sili maharage yaliyolala, kwamba nikiwa na homa nasema sina, kwamba soksi zangu za baridi ziko chini ya godoro lake. Mwanafunzi wangu bora akawa anaitikia, "Ndiyo, mama! Chini ya godoro, mama!" Mimi mwalimu nimesimama pale kama mzigo uliozidi kilo.

Ndege ikakimbia kwenye majani, ikanyanyuka, ikaenda. Nilisahau kupunga mkono. Au tuseme sikuwa na mkono wa kupunga.

Wakati watu wanatawanyika, Mama Zuhura alinisogelea. Nilidhani anakuja kuomba radhi.

"Mwalimu," akasema, "nimepata ngapi?"

Nikamwambia kumi kwa kumi. Ningemwambia nini? Alisoma vizuri.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Nimelirudisha jiwe jikoni mahali pake. Nimekaa. Saa ya ukutani, ambayo siku zote nilikuwa nikiwaambia watu kwamba haina sauti, ina sauti. Sasa ni saa kumi alasiri, chakula cha mchana sijala, na nimekwisha zifikisha soksi chumbani kwangu, ingawa baridi yenyewe ni ya Juni.

Najua mtakavyosoma barua hii. Klemensi ataisoma akiwa amesimama, ataishia kukaa chini na kujipigapiga magoti. Oskari atawasomea wengine. Ombi langu kwenu ni moja tu, na naliandika kwa herufi kubwa ili kaboni ilitoe vizuri: MSINICHEKE HUKO MBALI. Kama ni lazima mcheke, pandeni lori Jumapili, mje mchekee hapa ndani.