Kuhusu Meno ya Buluu na Kufungiwa kwa Tupa Zangu

Shemeji na Meneja (nimeanza na cheo kikubwa),

Salamu kwanza. Sisi hapa getini tu wazima; nasema sisi kwa maana ya mimi na kufuli. Tangu uliponitoa kwenye meza ya kunolea minyororo ya misumeno, kwa kuwa eti nawachelewesha wapasua mbao kwa kunoa jino mojamoja, ukaweka pale mashine ya umeme, nimepata muda mwingi wa kutafakari. Matokeo ya kutafakari ni barua hii, ninayoiandika kwa adabu zote nikiomba nirudishwe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mashine yako inanoa upesi, sikatai. Hata moto huunguza upesi. Meno yanatoka humo yakiwa ya buluu. Nilipomuuliza fundi wako mpya, huyu tunayemwita Chapuchapu, alinijibu, "Mzee, hiyo ndiyo dalili limeiva." Shemeji, chuma si ndizi. Jino likishaungua halikai na makali. Mpasuaji analikata gogo la kwanza, la pili analibembeleza. Msumeno mkali hutapika maranda. Yetu siku hizi inatema unga laini na moshi, kwa hiyo nashauri tufungue duka la poda.

2. Tupa zangu za mviringo, za kunolea kwa mkono, umezifungia stoo. Mtunza stoo naye amenunua tupa nene, saizi moja kwa misumeno yote, kwa hoja kwamba kitu kinene hudumu. Nikamweleza kuwa tupa huchaguliwa kwa kufuata jino, kama kiatu kwa kufuata mguu. Akasema, "Basi jino nalo lizoee." Huyu mtu asicheleweshwe kupandishwa cheo.

3. Mbele ya kila jino kuna kinundu kidogo kinacholizuia lisiume mti kupita kiasi. Chapuchapu ameona vinundu vinachelewesha kazi, akavisaga vyote. Sasa msumeno unaruka kama mbuzi aliyeona kamba. Juzi ulimrusha mpasuaji wetu mkubwa, mtu mwenye wajukuu, akakaa topeni. Akainuka, akajipangusa, akasema, "Nimesalimiwa." Salamu ya pili huenda asiweze kuisimulia, na hapo, Shemeji, ndipo utani wetu unapoishia.

4. Ila ikiwa umeshaamua kwamba kisichochoka, kisichosikia wala kuuliza ndicho kinachofaa, basi tusiishie kwenye minyororo. Mashine ipelekwe kwa kinyozi wako. Ikitoka huko ikamtazame mama mkwe lile gego linalomsumbua. Kisha ipewe ofisi yako: haichelewi, haisinzii baada ya chakula, na ukiisemesha inapiga kelele tu. Wafanyakazi hawataona tofauti.

Hivyo naomba mashine iuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, nirudishiwe tupa na meza yangu, na hapa getini awekwe mtu mwenye kipaji cha kufungua na kufunga. Mimi nimejaribu. Jana nilimfungia nje mteja wetu mkubwa, nikamkaribisha kwa heshima zote mfanyabiashara mpinzani wako aliyekuja kuchungulia bei.

Nisalimie mama mkwe, wapasuaji wote mmoja mmoja, mtunza stoo, na Chapuchapu, kama cheche za mashine bado zimemwachia nyusi.

Ni mimi, mume wa dada yako,
mlinzi wa muda (natumaini).

N.B. Mnyororo uliofungwa kwenye gazeti pamoja na barua hii ni wangu wa nyumbani. Bega la kulia limenigomea tangu mwezi uliopita. Tupa ya nyumbani naishika kama mtu anayepunga mkono wa kwaheri. Naomba upitishwe kwenye mashine kabla haijauzwa. Mwambie Chapuchapu aliguse jino na kuachia, aliguse na kuachia, lisipate nafasi ya kuchemka. Halibadiliki rangi hata kidogo. Nimejaribu mwenyewe mara kadhaa mlipokwenda kula, na makali yake, niseme tu, hayana aibu. Vinundu asiviguse. Au basi, mwache apumzike, nitakuja kuunoa mwenyewe. Na kama wapasuaji nao wana minyororo yao, waiache hapo mezani. Habari za bega usimwambie dada yako. Yeye anaamini kuni za nyumbani hazipasuliwi kwa sababu ya huzuni yangu ya kuondolewa mezani.