Maharagi Juu ya Plaki za Jua

Jumatatu, 13 Oktoba
Mama ametuma gunia la maharagi kutoka Musienene, ya karamu ya mémoire yangu, andiko la kumaliza chuo. Mama huyu! Limenyeshewa njiani, linaanza kunuka. Ninatetea mémoire Jumamosi mbele ya jury, walimu watakaonipima. Nikishindwa, narudia mwaka.

Somo langu: plaki za jua zinazotoa umeme kwenye paa la maktaba mpya ya chuo, ile ya matofali ya udongo. Kila siku saa sita naandika namba ya mita. Mchoro wangu unapanda vizuri. Jemima, fundi wa umeme wa chuo, amenikabidhi funguo mbili: wa ngazi ya paa na wa chumba cha betri. Mungu ambariki.

Maharagi nianike wapi? Uani kwa Mama Orpa, mwenye nyumba wangu, kuku wanakula kila kitu. Ningehitaji mahali safi, pa juu, penye jua siku nzima.

Jumanne, 14 Oktoba
Nimepapata. Magunia matupu juu ya plaki nane kati ya kumi na mbili, pembe nimefunga kwa kamba, maharagi juu yake. Hakuna kuku. Jua ni jingi, linatosha plaki na maharagi pia.

Saa sita namba imeanguka chini ya nusu, na mbingu haina hata wingu. Gracien, mwanafunzi mwenzangu anayeandika juu ya kuta za udongo, ameonekana akizunguka maktaba. Sasa naelewa. Ananionea wivu wa mchoro.

Jumatano, 15 Oktoba
Namba imeanguka tena. Nimemfuata Gracien mchana kutwa bila kumsalimia. Ameniuliza kama ninaumwa, akaninunulia chai ya tangawizi. Mjanja sana, ingawa chai ilikuwa tamu, na nilimshukuru moyoni.

Saa tisa kompita za maktaba zimezimika. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wamekasirika. Nimewaambia wavumilie, mwenye kosa yuko karibu kukamatwa. Kisha nimemwandikia Profesa Lusenge, anayeniongoza, barua ya kurasa mbili.

Maharagi yanakauka vizuri ajabu.

Alhamisi, 16 Oktoba
Profesa alisema kuharibu kazi ya mwenzako ni jambo zito, tupande paani wote: yeye, mimi, Gracien na Jemima. Nilitangulia kwa furaha.

Tukafika juu. Profesa akauliza maharagi ni ya nani. Nilitaka kumtaja Gracien, lakini gunia moja lilikuwa na mwandiko wa mama, kwa rangi nyekundu: ZOROBABEL.

Jemima akanigeukia: «Mais Zoro, batoto ya première banatafuta courant ya kompita siku mbili, kumbe wewe unaanika maharagi?»

 Amechukua ufunguo wa ngazi palepale. Profesa amesema nitaieleza jury mwenyewe kwa nini mchoro wangu umeanguka. Gracien amenisaidia kushusha maharagi. Hakucheka mbele yangu. Nimeona aibu mpaka masikio.

Jumamosi, 18 Oktoba
Nilikuwa nimejiandaa kusingizia mawingu. Asubuhi Jemima akaniletea daftari lake. Tangu Jumanne alikuwa akiandika namba saa kwa saa, maana alifikiri mitambo imeharibika. Gracien akanivalisha koti lake na kuniambia niseme ukweli.

Nikasema ukweli, nikaonyesha kwa namba za Jemima jinsi kivuli cha maharagi kilivyoangusha umeme saa kwa saa. Jury ikacheka, halafu ikashika kalamu. Mzee mmoja alisema hajawahi kuona kivuli kimepimwa vizuri hivyo. Nimepita, na kwa distinction, alama za juu! Nililia mbele ya watu.

Maharagi yaliiva laini, Profesa akaongeza sahani. Aksanti Jemima. Aksanti Gracien, ndugu yangu kabisa. Aksanti mama.

Jumapili, 19 Oktoba
Nimetoa shukrani kanisani, nikasimama mbele ya wote. Nimeahidi kubadilika.

Mchana mama amepiga simu. Ndizi za harusi ya dada yangu Bénite bado mbichi, Musienene kuna baridi, na harusi ni Jumamosi. Nimemwambia azitume.

Chumba cha betri kina joto zuri siku zote. Ufunguo wake Jemima hakuuomba. Mikungu mitatu tu, pale katikati ya betri, itaiva kwa siku nne.

Gracien nampenda sana. Lakini leo nimemwona akipita karibu na chumba kile. Betri zikianza kusumbua, nitajua pa kuanzia.