Darasa Lililonivua Ukubwa

Ndugu Mkuu wa Maktaba,

Kwani vitabu vimewaishia huko mpaka muanze kufunua watu? Aibu yenu! Salamu nitakupa mwishoni, nikishapoa.

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu tu, lakini kuandika naandika, na akili ninazo. Mlangoni kwenu mmebandika tangazo: darasa la bure kila Jumamosi, jifunze kutafuta historia ya familia yako. Mjukuu wangu akaenda. Nikamwacha, nikasema heri hilo kuliko kushinda kitandani na simu. Kumbe najipalia makaa mwenyewe.

Malalamiko nimeyapanga kwa namba ili usipate pa kutokea.

1. Mwalimu wenu, yule kijana mwenye miwani, amemfundisha mjukuu wangu kuhoji. Siku ya kwanza alirudi na fomu yenye visanduku. Mimi nachambua mchele, yeye ananiuliza: "Bibi, ulizaliwa lini, na una ushahidi gani?" Ushahidi! Nimekaa mbele yake na magoti mawili yanayouma, bado anataka ushahidi.

2. Sikufichi. Mimi na binti wa baba yangu mdogo tulilelewa na bibi yetu, nyumba ya vyumba viwili, wajukuu kumi na mmoja. Bibi alituhesabu jioni tutimie tu; nani alimtangulia nani, hakuwa na nafasi nayo. Tulipopelekwa shule, mwalimu alitupima kama walivyopimwa wote: pitisha mkono juu ya kichwa, shika sikio la upande wa pili. Mimi nikashika. Mwenzangu mkono ukaishia utosini. Nikaingia darasani, yeye akarudi nyumbani analia, na tangu siku hiyo mimi ndiye dada mkubwa. Ananiamkia shikamoo, naitikia marahaba. Harusini nakaa mbele, vikaoni nasema mimi kwanza. Karibu miaka sitini, na hakuna aliyekufa kwa hilo.

3. Jumamosi ya tatu mwalimu wenu akawapeleka wanafunzi zahanati ya zamani, wakafungua daftari la vizazi la enzi hizo, limeliwa na mende. Mende wale wamenisikitisha sana. Wamekula pembe zote, wakauacha mstari mmoja ambao wangeula ningewashukuru. Umeandikwa kwamba mwenzangu alinitangulia kuzaliwa kwa miezi kumi na minne. Kumbe mimi nina mikono mirefu tu!

4. Mjukuu hakuninong'oneza. Alisimama Jumapili mbele ya ukoo mzima akasoma kwa sauti, kama anayetangaza matokeo ya mtihani. Mwenzangu akajiweka sawa kitini, akaniangalia, akasema: "Haya mdogo wangu, nasubiri." Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mimi nikasingizia kikohozi. Wiki ya pili hii nakohoa kila nikimwona, na dawa za kifua nimeshaletewa chupa tatu.

5. Nilipokwenda kumshtaki mwalimu kwa mwalimu mwenyewe, akaniambia, "Bibi, historia haina mkubwa wala mdogo." Kwake haina. Amewahi kukalishwa benchi la nyuma harusini, nyuma ya spika?

Kwa hiyo naomba kwa heshima zote, darasa lifungwe. Kama halifungiki, wafundishwe wasio na bibi. Kama nao hawatoshi kujaza viti, nipewe daftari lile na kalamu kwa nusu saa, nilirekebishe mwenyewe. Na kama hilo nalo ni kosa, basi itangazwe kwamba umri wa mtu ni urefu wa mkono wake, tupimwe upya wote, tukianza na wewe. Pia muanzishe somo la kunyamaza. Hilo nitalifundisha mimi.

Nisalimie mlinzi, mfagiaji, mama wa kugonga mihuri, na wasomaji wote wanaosoma bila kuuliza maswali. Mwalimu naye msalimie, lakini kidogo.

Ni mimi,
Dada Mkubwa, mpaka sasa

N.B. Nimeifungua tena bahasha. Mjukuu kaja mbio na karatasi nyingine; kumbe alinakili daftari zima. Mkubwa nimempata mmoja, sawa. Lakini wapo sita ninaowaamkia mimi tangu utotoni, akiwemo shemeji yangu mwenyekiti wa ukoo, kwa sababu tu walitangulia kushika sikio. Wote sita nimewazidi umri! Mwenzangu nimemwamkia leo asubuhi mbele ya watu. Kaitikia kwa madaha, tukacheka mpaka tukashikana, na anasema Jumamosi tunakuja wote. Darasa lisifungwe. Tuwekee viti viwili vya mbele, mwalimu aje na daftari lenyewe, na hao sita uwaandikie barua za wito leo hii, kabla hujanywa chai.