Idara ya Parafujo Zisizokuwepo

Serikali, kwa kuujali mno ustawi wa wananchi wake, iliunda Idara ya Utambuzi na Urejeshaji wa Parafujo Zisizokuwepo, na tangu siku hiyo hakuna parafujo, yaani skrubu, iliyopotea bila kupewa heshima zake. Wenye midomo walisema skrubu ni kitu cha kununua dukani. Hao ndio wasioitakia nchi mema.

Aliyeiongoza idara aliitwa Kaimu. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini alikuwa amekaimu ukurugenzi muda mrefu mno, hata mama mkwe wake akimpigia simu husema, "Kaimu, mwanangu, hujambo?" Ilimuuma. Yaani ilimuuma hasa. Alitaka jambo moja tu duniani: athibitishwe, akikalie kiti chake kama mwenye kiti.

Na alistahili, jamani! Ni yeye aliyebuni Utaratibu. Mwananchi akipoteza skrubu, hapewi nyingine mpaka iliyopotea itambuliwe. Na kitu kisichokuwepo utakitambuaje? Kwa ndugu yake aliyebaki. Basi mwananchi hufungua skrubu ya pili, huileta idarani kama kielelezo, na kielelezo huhifadhiwa. Kiti kilichokosa skrubu moja sasa kimekosa mbili, na hiyo ya pili nayo sasa haipo, kwa hiyo inadai kielelezo chake. Kazi ikaongezeka kila uchao. Waziri alipoonyeshwa ongezeko hilo alifurahi, akautia sahihi Utaratibu, akaahidi kuja mwenyewe kumthibitisha Kaimu.

Siku ikafika. Kaimu aliamuru vielelezo vyote vimiminwe kwenye tangi la kioo katikati ya ukumbi, ving'ae mbele ya mgeni. Vikang'aa kweli. Nje ya dirisha la huduma, lenye nondo, foleni ilikuwa imeshajipanga kama kawaida.

Waziri aliwaacha wapambe wake nje, akaingia ukumbini na Kaimu peke yao, akaufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Kishikio kikabaki mkononi. Cha upande wa pili kikasikika kikidondoka huko nje.

"Nini hiki?"

"Hicho ni kishikio, mheshimiwa," Kaimu alisema kwa fahari. "Kilikosa skrubu moja, tukaichukua ya pili kuwa kielelezo. Hata sisi wenyewe hatujipendelei."

Wapambe walisukuma, wakapiga mabega, mlango haukutikisika. Mwenye bisibisi jengo zima alikuwa fundi mmoja, naye alikuwa pale nje, mwisho wa foleni, amekumbatia ngazi inayoyumba.

"Wewe fundi, njoo ufungue mlango!" waziri akafoka dirishani.

"Ningekuja, mheshimiwa. Ila nikitoka kwenye foleni narudishwa mwisho."

"Si uko mwisho tayari!"

Fundi akageuka. Nyuma yake walikuwa wameshaongezeka watu. "Nilikuwa," akasema. "Halafu nitafungia nini? Skrubu ya kishikio si mnayo huko ndani?"

Waziri akalikimbilia tangi. Kaimu akamzuia kwa adabu zote.

"Mheshimiwa, kielelezo hakiguswi mpaka mwenyewe akitambue. Ulisaini."

"Niache nichukue, nakuthibitisha sasa hivi!"

Loo! Neno alilolisubiri miaka yote ndilo hilo. Kaimu alinyoosha mkono kuelekea tangi, akaurudisha. Lakini alikuwa mtu wa imani.

"Nikivunja Utaratibu ili nithibitishwe," akasema, "utakuwa umemthibitisha nani? Mvunja utaratibu."

Waziri akamkodolea macho kama mtu aliyesalimiwa na ukuta.

"Mnahudumia au mnapiga soga?" Alikuwa mama mshonaji, wa kwanza kwenye foleni, cherehani miguuni pake. "Chombo changu kimelala, na wanangu wanataka kula. Nipeni skrubu zangu!"

Waziri akatazama mlango, akatazama foleni, akamwona fundi kule nyuma hasogei mpaka foleni isogee. Akakunja mikono ya shati, akavuta kiti dirishani.

"Ya kwako ipi, mama?"

"Yenye kichwa bapa. Siyo hiyo. Baba, bapa huijui? Haya, hiyo. Na ile mpya niliyoahidiwa?"

Waziri akalitazama tangi. "Ipo kwenye mchakato."

Foleni nzima ikaangua kicheko.

Wakaja wenye baiskeli, wenye milango, wenye vitanda. Bibi mmoja mwenye miwani ya mkono mmoja alimwambia, "Tafuta vizuri, mjukuu wangu, wewe ndiye mwenye macho." Vidole vya waziri vikawa vyeusi kwa grisi na mgongo ukamuuma.

"Mheshimiwa," Kaimu akamnong'oneza, "wakizidi, hapa huwa tunawaambia njoo kesho."

Waziri akafungua kinywa aseme, kisha akakumbuka kwamba hiyo kesho ingemkuta humo humo ndani. Akaendelea kuhudumia. Idara haijawahi kufanya kazi vile.

Jioni zamu ya fundi ikafika. Akapokea za ngazi yake, akaitambua na ile ya kishikio, aliyoifungua kwa mkono wake, akapewa, akazunguka, akakaza. Mlango ukafunguka.

Waziri alikuwa anatoka mbio Kaimu alipomfuata.

"Mheshimiwa, na lile suala la kuthibitishwa?"

Waziri akageuka mlangoni, akacheka kwa uchungu, ili wapambe na foleni wote wasikie. "Kaimu, Utaratibu si ni Utaratibu? Lete kielelezo! Niletee kiongozi mwingine mwenye akili kama zako, niwaweke pamoja niwalinganishe. Ukimpata hata mmoja, cheo ni chako."

Wapambe wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kaimu hakucheka. Alikuwa ameulizwa swali la kiofisi, na alilifikiria kiofisi, akimtazama waziri kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Nimempata, mheshimiwa," akasema. "Utaratibu niliutunga mimi. Aliyeusoma, akaupenda, akautia sahihi, ni wewe."

Kisha akamvutia kiti, kwa heshima.

"Karibu ukae. Kielelezo hakiondoki idarani."